Mwalimu wa Kwaya Aliyekataa Kurithiwa

Ukimsikia kabla hujamwona, ungedhani ni mwanamume. Sauti yake ilikuwa nzito, ya kutokea tumboni, na kanisani hakuimba na wanawake wenzake. Alisimama na wanaume akaimba sauti ya tatu, na hakuna mzee wa kanisa aliyethubutu kumwambia arudi upande wa pili. Wageni waligeuza shingo kumtafuta mwenye sauti ile. Wakiona ni mama mrefu, mwembamba, amefunga kitambaa cheupe kichwani na kuvaa raba za kwendea kazini, walitabasamu kama watu waliodanganywa vizuri.

Sisi tulimwita Mwalimu, ingawa hakuwahi kufundisha darasani hata siku moja. Siku za kazi alikuwa kiwandani, Industrial Area, akisimamia mashine ya kufuma blanketi. Asubuhi ungemwona akitoka mtaani kwetu, Kaloleni, na wafanyakazi wenzake, wakivuka reli kwa miguu. Lakini Jumatano jioni na Jumamosi alasiri alikuwa mwalimu wetu wa kwaya, na kazi hiyo ndiyo iliyompa jina. Hata muuza sukuma wiki alimwita Mwalimu. Nyumba yao na yetu zilitazamana, katikati pakiwa na nyasi na kamba za kuanikia nguo. Yeye na mama yangu waliitana kwa majina ya watoto wao, Mama Nekesa na Mama Akinyi. Nekesa ni mimi. Akinyi alikuwa binti yake wa pekee, rika langu.

Kwenye kwaya alikuwa dikteta, sina neno jingine. Alikusikiliza ukiimba mistari miwili, akaamua sauti yako, na uamuzi huo haukuwa na rufaa. Mimi nilitaka sauti ya kwanza kwa sababu ndiyo inayosikika. Akaniweka ya pili. Siku hizo nchi nzima ilikuwa ikizungumza juu ya vyama vingi na haki ya mtu kuchagua, nami nikajifanya mjanja nikamwambia kwamba kila mtu sasa anachagua anachotaka.

"Nchi ifanye itakavyo," alisema, akinitazama juu ya miwani. "Hapa tunaimba. Sauti ya pili, simama pale."

Aliyechelewa alisimama nyuma mpaka mwisho wa mazoezi, haimbi, anasikiliza tu. Alituambia kwamba kusikiliza ni nusu ya kuimba, ile nusu ambayo hakuna anayeigombania. Sheng, lugha ya vijana wa mitaani, aliichukia ndani ya ukumbi wa mtaa tulimofanyia mazoezi, lakini vijana wakimsalimu njiani, "Niaje, Mwalimu," alijibu "Poa" bila kutabasamu, akaendelea na safari yake, na wao wakabaki wakicheka peke yao.

Nayasema haya mapema asije mtu akafikiri namchora malaika. Hata kupika hakujua. Ugali wake ulikuwa na madonge, na omena wake, wale dagaa wa ziwani, walikuwa ama bila chumvi ama chumvi tupu. Aliyepika vizuri nyumbani mwao alikuwa mumewe, karani wa reli, mtu mfupi wa kucheka sana. Jioni walikuwa wakiosha vyombo pamoja nje kwenye bomba, wakiimba, yeye sauti ya tatu na mumewe ya kwanza, wamebadilishana. Mama yangu alikuwa akiwatazama dirishani na kutikisa kichwa. Baba yangu hakuwahi kushika sufuria isipokuwa kuisogeza impishe.

Kisha yule bwana akaugua kifua, akakonda, akafa. Tukamsindikiza kwao, magharibi, tukamzika, tukarudi Kaloleni.

Kwa watu wa mumewe, kama ilivyokuwa kwa watu wengi wa upande ule, Waluhya wetu wakiwemo, mjane hakuachwa hivi hivi. Ndugu wa marehemu alimrithi. Mpaka afanyiwe hivyo alihesabiwa kuwa na mkosi, haruhusiwi kuingia katika boma la watu na hajengewi nyumba. Kwa hiyo wazee walipokuja Kaloleni baada ya muda wa kilio kupita, hakuna jirani aliyeshangaa. Tulishangaa jambo moja tu, kwamba Mwalimu alimwomba mama yangu aje akae upande wake. Mama hakujua kupamba maneno. Alinisimulia siku ile mara nyingi na kila mara ilikuwa vilevile, ndiyo maana namwamini.

Walikuja wazee watatu, na msemaji wao alikuwa baba mdogo wa marehemu. Pamoja nao alikuja Odhiambo, mdogo wake marehemu, kijana mpole aliyefanya kibarua hukohuko Industrial Area. Alipofika mjini mara ya kwanza alilala kwa kaka yake, sebuleni, juu ya mkeka, na Mwalimu ndiye aliyemnunulia shati lake la kwanza la kazi. Sasa walimkalisha kwenye kiti cha marehemu.

"Mke wetu," baba mdogo alianza, "ndugu yetu ametuachia nyumba yenye moto. Hatuwezi kukaa tukiutazama ukizimika. Tumekuletea Odhiambo."

Mwalimu akauliza kama chai ina sukari ya kutosha. Wakasema inatosha.

"Baba, nimesikia," alisema. "Ninyi mmesema, na mimi nitasema. Lakini kuna mtu hapa ambaye hajasema." Akamgeukia shemeji yake. "Odhiambo, hawa wazee wasingekutuma, ungekuja?"

Yule mzee akainua mkono. "Hatukuja kumuuliza mtu anataka nini. Haya ni mambo ya nyumba."

"Naelewa, baba. Ndiyo sababu nauliza mimi."

Odhiambo alikuwa ameinamia kikombe chake. Mwishowe kijana akainua uso.

"Nisingekuja, mama," alisema.

Alitaka kusema shemeji. Ulimi wake ukasema mama, kwa sababu ndivyo alivyokuwa akimwona tangu siku za mkeka. Na neno hilo, likishatamkwa mbele ya wazee, halirudi kinywani. Nani amrithi mama yake? Wazee walitazamana. Baba mdogo akaweka kikombe chini.

"Umemfundisha maneno," alisema.

"Sikumfundisha, baba. Nilimlisha tu."

"Basi usije ukasema hatukukujia. Boma lile usilikanyage mpaka utakapotimiza mila."

"Nimesikia."

Hakubishana. Alichukua mfuko wao wa safari, akawasindikiza mpaka Jogoo Road kama mke wa nyumba yoyote anavyowasindikiza wakwe zake, akasimama nao mpaka wakapata gari.

Mama yangu alirudi nyumbani akakaa jikoni muda mrefu bila kuwasha jiko. Nikamuuliza mambo yamekwendaje.

"Yule mwanamke amejiharibia," akasema. Kisha, akiwa bado anautazama mlango: "Nekesa, mimi sijaulizwa swali lile tangu nizaliwe."

Mtaa ulisema mengi. Ukisema mtaa, hasa unasema bomba la maji, maana hapo ndipo kesi za Kaloleni zilipoamuliwa. Wengine walisema anajifanya mzungu. Wengine walisema bila shaka ana mwanamume mjini. Waliokuwa na waume walianza kuwaangalia waume zao. Kanisa nalo, lililohubiri kila mwaka dhidi ya kurithi wajane, halikujua la kufanya na mjane aliyelisikia hubiri hilo akalifuata. Mchungaji alimjia na wazo lake mwenyewe. Kulikuwa na mzee wa kanisa aliyefiwa na mke, mtu safi, mwenye kazi nzuri ya kaunsili, baraza la jiji lililotupangisha nyumba. Ingekuwa ndoa ya Kikristo, na midomo ingefungwa. Yule mzee mwenyewe alikuja Jumapili moja, amevaa suti, akaleta mkate na maziwa.

Mwalimu alimpokea vizuri. Alimsikiliza mpaka mwisho.

"Nakushukuru, mzee," alisema. "Lakini mimi si nyumba ya kaunsili iliyobaki wazi."

Maneno hayo yalifika bombani kabla ya maziwa kuchemka. Kwa wiki kadhaa wanawake waliyarudia kwa kunong'ona, na niliona kwamba hata wale waliomlaumu waliyasema kwa utamu fulani, kama watu wanaoonja kitu walichokatazwa.

Ajabu ni kwamba hakuwachukia wanaume. Kulikuwa na fundi wa saa kutoka Majengo, Pumwani, Mwislamu mwenye ndevu nyeupe, ambaye kila Jumamosi kabla ya mazoezi alikuja kunywa naye kahawa ya tangawizi. Hawakujificha. Walikaa barazani, mchana peupe, kila mtu akipita akiwaona, wakizungumza juu ya bei ya vitu na juu ya redio. Mama yangu alivumilia, akashindwa, akauliza.

"Mama Akinyi, yule mtu ni nani kwako?"

"Ni rafiki yangu," alijibu. "Kiswahili kina neno hilo, Mama Nekesa. Tulitumie."

Lakini nisiseme kwamba haikumgharimu. Desemba ndipo ulipoona gharama. Kaloleni nzima ilihamia mashambani. Magunia yalifungwa, kuku walinunuliwa, watoto walivalishwa nguo mpya, na ndani ya siku chache nyumba zilibaki na makufuli. Yeye na Akinyi walibaki. Hakuwa na boma la kuingia. Mwaka mmoja sisi nasi hatukusafiri, baba akiwa kazini, nikamwona Mwalimu asubuhi ya Krismasi akifagia mbele ya nyumba yake, kisha mbele ya yetu, kisha mbele ya nyumba za watu wasiokuwepo, akaendelea hivyo mstari mzima.

Nilipomaliza kidato cha nne, baba alikuwa ameshaniamulia. Ningekwenda chuo cha makarani nikajifunze kupiga taipu. Mimi nilitaka ufundi wa umeme. Tangu utotoni nilikuwa nikifungua redio za watu na kuzifunga tena, na zilikubali kusema. Baba alisema hajawahi kuona msichana juu ya mlingoti wa stima, na hatamwona akiwa wake. Nikamkimbilia Mwalimu. Baba alimheshimu, tena alimwogopa kidogo.

"Nenda ukaniombee," nilimwambia.

"Siendi."

"Kwa nini, Mwalimu? Wewe atakusikiliza."

"Ndiyo sababu siendi. Nikikusemea akakubali, utakuwa umetoka mkononi mwa baba yako ukaingia mkononi mwangu. Una mdomo. Nimeusikia miaka yote hii ukiniharibia sauti ya pili."

Nilikasirika mpaka machozi. Hakunibembeleza. Alinisimamisha katikati ya sebule yake, akakaa, akaniambia niseme nitakachomwambia baba.

"Baba, naomba kwenda kusomea umeme..."

"Rudia. Sijasikia mwisho. Watu wakiogopa humeza mwisho wa sentensi, na mwisho ndipo penye ombi."

Nikarudia. Nikarudia tena mpaka mwisho wa sentensi ukasikika. Kisha akanisindikiza mpaka mlangoni kwetu, akabaki nje kwenye nyasi, amefunga mikono kifuani. Nilipokuwa nikisema na baba nilijua yuko pale. Baba alikataa, akanuna, akamsengenya Mwalimu kwa mama siku nzima, na kabla ya chuo kufunguliwa akakubali. Hivyo ndivyo nilivyokuwa fundi wa stima. Mpaka leo, nikizungumza na mwenye jengo anayemtafuta "fundi mwenyewe" nyuma ya mgongo wangu, huwa nahakikisha mwisho wa sentensi unasikika.

Jambo kubwa kuliko yote niliyomwona akifanya lilitokea alipofariki mama mkwe wake. Yule bibi na Mwalimu walipendana. Hata baada ya mambo ya wazee, bibi alikuwa akimtumia samaki wakavu kwa mkono wa msafiri yeyote, bila maneno, samaki tu. Habari za msiba zilipofika, Mwalimu alituambia kwenye mazoezi kwamba anakwenda kumwimbia. Kwaya nzima ikasema twende. Tukachanga, tukakodi basi.

Tulifika mchana, jua kali. Boma lilikuwa limezungukwa na ua wa minyaa uliokatwa kufikia kifuani. Kwenye lango walisimama wanaume, na baba mdogo yule yule katikati yao, amezeeka sasa, ameshika fimbo.

"Kwaya ipite," alisema. "Huyu hapiti. Anajua sababu."

Tukasimama. Vijana wetu wa besi walianza kuguna, mmoja akaanza kuvua koti. Mwalimu akageuka.

"Vaa koti lako," alimwambia. "Ingieni wote. Mmekuja kuimba, hamkuja kunilinda."

Tukaingia kwa aibu, tukimwacha barabarani. Tulipangwa mbele ya turubai, jeneza upande wetu, wageni wakitutazama. Mshereheshaji akaita wimbo. Hatukuwa na wa kutuongoza, na hakuna aliyethubutu kuanza. Ndipo nikasikia mtu akipiga kidole, tk, tk, kama alivyokuwa akifanya ukumbini kutaka usikivu. Nikageuka. Alikuwa nyuma yetu, upande wa nje wa ua, amesogea mpaka kwenye minyaa, na mikono yake yote miwili ilikuwa juu, imekunjuka, ikingoja.

Kwaya nzima ikageuka. Tuliwapa migongo wakubwa waliokuwa chini ya turubai, tukamtazama yeye. Akatupa sauti zetu moja moja, akashusha mikono, tukaimba.

Sijaimba vile tena maishani. Sidhani ni ustadi. Nadhani kila mmoja wetu aliogopa kumwangusha. Watu walianza kugeuza viti. Hawakuweza kutazama mahali ambapo waimbaji hawatazami, basi wote wakawa wanatazama ua, na mwanamke aliye nje ndiye aliyekuwa mbele. Katika ubeti wa pili, bibi mmoja mzee sana, mke mwenza wa marehemu, aliinuka, akachukua kigoda chake, akapita katikati ya wale wanaume wa langoni bila kuwasemesha, akaenda akakaa miguuni pa Mwalimu. Hakuna aliyemzuia. Ungemzuiaje? Alikuwa ameolewa katika boma lile kabla ya baba mdogo kuzaliwa.

Mwalimu hakuingia. Hata walipokwenda kaburini alibaki pale pale, akituongoza kwa mbali. Watu walipokuwa wakitupa udongo, nilimwona Odhiambo, sasa mtu mzima mwenye mke, akiinama, akajaza udongo viganja viwili, akatembea nao mbele ya watu wote mpaka nje ya lango. Akavinyoosha viganja mbele ya Mwalimu. Mwalimu akautia mkono, akaukoroga polepole kwa vidole kama mtu anayetafuta kitu ndani yake, akamwitikia kwa kichwa. Odhiambo akarudi, akautupa kaburini.

Baba mdogo aliyaona yote. Alikuwa ameiegemea fimbo yake.

Ungefikiri mtu wa namna hiyo angekuwa na jibu tayari siku zamu ilipomfikia binti yake. Hakuwa nalo. Akinyi alikuwa chuo cha ualimu, na Mwalimu alikuwa amejikamua kila kitu kumfikisha huko. Likizo moja akarudi akasema anaacha chuo, anaolewa na mkulima wa miwa, anakwenda kuishi shambani kwa watu wa mume. Jioni ile sauti nzito ilivuka nyasi mpaka kwetu.

"Sikupigana na ukoo mzima ili ukakamue ng'ombe wa mtu."

Akinyi alikuwa mtulivu, na utulivu wake ulisikika zaidi. "Mama, ulipigana upate kuchagua, au ulipigana ili mimi niwe kama wewe?"

Siku zilizofuata Mwalimu alikwenda kazini na kurudi bila kumsalimu mtu. Kisha akaja kwetu, akaketi jikoni kwa mama.

"Mama Nekesa, yule mtoto ameniuliza swali na sina jibu."

Mama alikuwa akichambua mchele. Hakuinua macho. "Hata wale wazee wako hawakuwa nalo," alisema.

Mwalimu alimtazama, akaanza kucheka, akacheka mpaka akavua miwani. Kesho yake alimwita Akinyi wakakaa barazani asubuhi yote. Sijui waliambiana nini. Najua tu kwamba miezi iliyofuata tulifanya mazoezi ya nyimbo za harusi kwa ukali usio wa kawaida.

Siku ya harusi watu walimsifu. Walisema ona mama wa bibi harusi, anaongoza kwaya wima kama askari, hatetereki, wala hageuki kumtazama mtoto wake. Ni kweli, mgongo wake haukutetereka. Lakini mwongozaji huwatazama waimbaji, na sisi waimbaji tulikuwa tukiuona uso wake. Machozi yalimtiririka tangu wimbo wa kwanza mpaka wa mwisho, yakashuka shingoni, yakalowesha kola. Hakuyafuta, kwa sababu mikono yake ilikuwa kazini. Nasi hatukumwambia mtu yeyote. Hatukupatana tunyamaze. Kila mmoja alinyamaza kivyake.

Mara ya mwisho kumwona katika miaka ile nilikuwa nimeshahama Kaloleni. Nilikuwa na mfuko wangu wa vifaa begani, nakwenda kazini, nikipita stendi ya mabasi ya magharibi, nikamwona amesimama kando ya basi akiamrisha upakiaji. Kitambaa kilikuwa cheupe vilevile, nywele zilizochungulia chini yake nazo zilikuwa zimekuwa nyeupe. Juu ya basi kulikuwa na mabati yaliyofungwa, fremu za madirisha, na chini bado, umeegemezwa kwenye gurudumu, mlango wa chuma uliopakwa rangi ya bluu, mpya, kazi ya mafundi wa chuma wa Kamukunji.

"Mwalimu, unahama?"

"Nimestaafu, Nekesa. Nakwenda kujenga."

Nilidhani amenunua shamba mahali. Akasema hapana, anakwenda kujenga ndani ya boma la mumewe. Sikuficha mshangao wangu, na nadhani hata hasira kidogo, kama mtu anayeona bendera yake ikiteremshwa.

"Kwa watu wale wale?"

"Baba mdogo amefariki. Odhiambo ndiye mkubwa sasa. Nilimwandikia nikamwomba kiwanja, akanipa, karibu na kaburi la kaka yake."

"Na mila? Si walisema hujengewi nyumba mpaka urithiwe?"

"Bado wanasema. Wamesema nyumba haisimami bila mwanamume kulala ndani. Nimewaambia nitalala mimi, tuione ikianguka." Alisema hivyo bila kiburi, kama mtu anayezungumzia mvua. Kisha akashusha sauti. "Nekesa, nilimpenda yule bwana. Nyote mlifikiri nilikataa kurithiwa kwa sababu sikuwataka watu wake. Nilikataa kwa sababu nilikuwa bado mke wake. Nilikuwa nangoja siku ambayo nikienda, nitakuwa nimekwenda mwenyewe."

Desemba zote zile nilikuwa nimemwona kama mtu aliyefungiwa nje. Sikuwahi kufikiri kwamba alikuwa akingoja.

Makanga wa basi akaja na kipande cha chaki, akaupiga mlango kofi. "Mama, huu niandike wa nani usije ukapotea? Mama nani? Ama niandike jina la mzee?"

"Lete chaki," alisema.

Akainama, akaandika mwenyewe juu ya ile bluu, herufi kubwa, bila haraka. Lilikuwa jina lake na jina la baba yake. Nilikuwa nimeishi mkabala naye tangu nikiwa mtoto, nimeimba chini ya mikono yake, nimelia sebuleni kwake, na jina lile sikuwahi kulisikia. Hata mama yangu, nilipomuuliza baadaye, hakulijua.

"Ndilo jina lako?" nikauliza.

"Ndilo nililozaliwa nalo. Limepumzika vya kutosha."

Sitaliandika hapa, maana aliliandika mwenyewe. Nilimsaidia makanga kuuinua mlango, tukausukuma juu mpaka aliyekuwa huko akaupokea na kuulaza juu ya mabati, maandishi yakitazama mbinguni. Mwalimu alinishika mkono, akaupima kidogo kama anavyopima mtu embe, akaona ni mkono wa kazi, akapanda. Basi lilipoanza kurudi nyuma nilirukia ngazi ya basi lililoegeshwa kando, nikapanda juu na mfuko wangu wa vifaa, watu wakinitazama, ili nilisome jina lile mara moja zaidi kabla basi lake halijaingia barabarani.